Sensa ya oksijeni na waya zake kwenye gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutufikia kila wiki gereji hapa Nakuru, kutoka kwa wenye Corolla 110, NZE, Probox, Wingroad, Sunny B15 na wenzao. Wengine wametoka Kericho, Kisumu au Kakamega, sensa mpya imeshafungwa na taa ya injini bado inawaka. Majibu yanahusu magari ya petroli tu. Kabla hujasoma zaidi, shika hili: namba inayotolewa na skana, mashine ya kusoma makosa ya gari, inataja njia ya umeme yenye shida. Haisemi ni kifaa gani kimekufa. Kwenye njia hiyo kuna sensa, plagi yake, waya, fyuzi, athi (njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri) na kompyuta, na vyote ni watuhumiwa mpaka vipimwe.

Sensa ya oksijeni inafanya kazi gani hasa?

Imefungwa kwenye bomba la ekzosi, kichwa chake kikiwa ndani ya moshi. Inalinganisha oksijeni iliyobaki kwenye moshi na ile ya hewa ya nje, na tofauti hiyo inazaa umeme mdogo: karibu volti 0.9 mafuta yakizidi, karibu volti 0.1 mafuta yakipungua. Kompyuta inausoma umeme huo, kisha inaongeza au kupunguza petroli kwenye noziri, ikitafuta kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli.

Sensa nzima ya aina hii haitulii. Injini ikishapata moto, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, ikivuka volti 0.45 kila mara. Ukiiona imesimama mahali pamoja, juu, chini au katikati, hapo pana jambo la kuchunguza.

Bosch ndio waliianzisha, kwenye magari ya Volvo mwaka 1976. Zile za mwanzo zilitegemea joto la moshi peke yake. Kichwa cha sensa hakisemi lolote la maana mpaka kizidi nyuzi joto 300 hivi, ndiyo maana baadaye wakaiwekea hita ndani. Hita hiyo ndiyo inayoleta nusu ya kesi tunazozijadili hapa chini.

Nyingine zina waya moja, nyingine tatu, nyingine nne. Kwa nini?

Yenye waya moja ina waya wa taarifa tu, athi yake ni chuma cha ekzosi. Yenye tatu imeongezewa waya mbili za hita. Yenye nne ina hita, taarifa, na athi yake yenyewe.

Rangi husaidia, ila angalia upande wa sensa, usiangalie upande wa gari. Denso, ambayo ndiyo imejaa kwenye Toyota, huwa na waya mbili nyeusi za hita, bluu ya taarifa na nyeupe ya athi. Bosch na NTK huwa na nyeupe mbili za hita, nyeusi ya taarifa na kijivu ya athi. Unaona hatari iliyopo: nyeusi ya Denso ni ya hita, nyeusi ya Bosch ni ya taarifa. Fundi akiunganisha rangi kwa rangi bila kujua, volti 12 zinaingia kwenye waya wa kompyuta uliozoea volti 1.

Taa ya injini imewaka, skana imeandika P0135. Ninunue sensa?

Usinunue bado. P0135 ni njia ya umeme ya hita kwenye sensa ya kwanza, ile iliyo kabla ya katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. P0141 ni hita ya sensa ya pili, iliyo nyuma ya katalisti. Namba zote mbili zikija pamoja, ni nadra sana hita mbili kufa siku moja. Anza na fyuzi au waya unaozilisha zote mbili.

Ikija moja peke yake, chomoa plagi ya sensa injini ikiwa imepoa. Weka multimita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, pima waya mbili za hita upande wa sensa. Toyota nyingi za zamani zinataka kati ya omu 11 na 16, na kuna sensa nyingine zinazosoma omu 4 au 5 na ni nzima. Multimita isiposoma kitu kabisa, hita imekatika na sensa imekwisha. Ikisoma vizuri, sensa haina kosa la hita, na pesa zako zibaki mfukoni kwanza.

Sasa geukia upande wa gari. Washa injini, pima waya mmoja mmoja wa hita dhidi ya ncha hasi ya betri. Mmoja lazima uwe na volti za betri, 12 na zaidi. Hakuna? Fuata fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na waya mpaka umeme unapopotelea. Umeme ukiwepo, waya wa pili ndio kompyuta inautumia kufungulia hita kwa kuupa athi. Huo uupime kutoka kwenye plagi mpaka kwenye pini ya kompyuta, plagi zote mbili zikiwa zimechomolewa: usome omu chini ya 1.

Kuna Fielder moja ililetwa ikiwa na sensa mpya kabisa na P0135 ileile. Giaboksi ilikuwa imeshushwa kubadilisha klachi, na waya wa sensa haukurudishwa kwenye kibanio chake. Ulikuwa umelala juu ya bomba la ekzosi, ganda limeyeyuka upana wa kidole, shaba imegusa chuma, fyuzi imekatika. Sensa iliyotolewa ilipimwa ikawa na omu 13. Ilikuwa nzima muda wote.

Gari langu ni la Japani la miaka ya tisini na skana haisomi chochote. Nifanyeje?

Magari mengi ya soko la Japani ya wakati huo hayaongei lugha ya skana za kawaida, hata kama soketi inafanana. Yana njia yake. Kwenye Toyota fungua boneti, tafuta kijisanduku cheusi chenye kifuniko, ndani kuna matundu yenye herufi. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa mara moja, hiyo ni 21: njia ya sensa ya oksijeni. 25 ni mafuta kidogo, 26 ni mafuta mengi. Ikipepesa mfululizo bila kutulia hakuna kosa lililohifadhiwa.

Nissan za wakati huo nazo zina namba zao, 33 ikiwa ya sensa ya oksijeni na 55 ikimaanisha hakuna kosa. Jinsi ya kuiamsha kompyuta iseme hutofautiana gari kwa gari, kwa hiyo mtafute fundi anayelijua lako.

Angalia vizuri matundu kabla ya kuunganisha. Kijisanduku hichohicho kina tundu la umeme wa betri.

Naweza kuipima sensa mwenyewe kwa multimita?

Unaweza, ukiwa na multimita ya dijitali na subira. Usitumie testa ya balbu kwenye waya wa taarifa hata siku moja. Balbu inavuta umeme mwingi kuliko sensa inavyoweza kutoa, na inaweza kuua sensa au mlango wa kompyuta.

Endesha gari mpaka lipate moto kabisa, kwenda Njoro na kurudi kunatosha. Plagi ibaki imeunganishwa. Ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya plagi, kando ya waya wa taarifa, bila kutoboa ganda la waya. Waya uliotobolewa huingiza maji na kuoza ndani kwa ndani, na miezi kadhaa baadaye mtu atahangaika kutafuta tatizo uliloliunda wewe. Ncha nyekundu iende kwenye pini, nyeusi kwenye hasi ya betri, multimita iwe kwenye volti za moja kwa moja.

Mtu akanyage mafuta mpaka mizunguko 2,500 na aishikilie kwa dakika mbili. Hapo namba zianze kucheza kati ya 0.1 na 0.9. Kipimo cha Toyota za zamani ni angalau mara nane kwa sekunde kumi. Ikicheza polepole, mara mbili au tatu tu, sensa imechoka hata kama taa haijawaka.

Kisha ijaribu sensa kwa kuishtua. Kanyaga mafuta kwa ghafla: volti ziruke juu ya 0.8. Achia ghafla kutoka mizunguko mingi: kompyuta inakata petroli, volti zianguke karibu na sifuri. Sensa inayojibu haraka pande zote mbili ni nzima. Mimi hulipa jaribio hili uzito kuliko namba yoyote ya skana, kwa sababu sensa iliyokufa haiwezi kuigiza jibu hilo.

Ikigoma, soma ilipogomea. Imekwama 0.45 na haisogei: kwenye magari mengi hiyo ni volti ya kompyuta yenyewe, maana yake sensa ni baridi au waya umekatika. Imekwama sifuri: waya wa taarifa umegusa athi, au sensa imekufa, au kweli moshi umejaa hewa. Imezidi volti 1 na kubaki huko: umeme wa hita umevuja kuingia kwenye waya wa taarifa, na mara nyingi utakuta maji au kutu ndani ya plagi.

Nitajuaje kama shida ni waya au ni kompyuta?

Chomoa sensa. Gusisha waya wa taarifa wa upande wa gari kwenye athi, huku skana ikionyesha volti za sensa hiyo. Skana ikishuka hadi sifuri, waya ni mzima mpaka kwenye kompyuta na kompyuta inasikia. Isiposhuka, waya umekatika njiani au pini ya kompyuta imelegea. Hili ni kwa sensa ya kawaida ya volti 0 hadi 1 pekee. Kuna aina nyingine nimeieleza mbele, hiyo usiiguse hivi.

Kompyuta ndiyo ya mwisho kulaumiwa. Hufa mara chache sana, na ikifa kwa kawaida kuna waya uliokosewa au maji yaliyoifikia kwanza.

Sensa inasema mafuta kidogo, lakini gari linakunywa petroli ajabu. Si hiyo sensa mbovu?

Huenda ni sensa mkweli kuliko wote garini. Sensa haioni petroli, inaona oksijeni. Chochote kinacholeta oksijeni kwenye ekzosi kitasomwa kama mafuta kidogo.

Silinda moja ikimisi, hewa yake haikuungua, inatoka na oksijeni yote. Sensa inaripoti hivyo, kompyuta inadhani injini ina njaa, inamimina petroli kwenye silinda zote. Unapata moshi mweusi na harufu ya petroli huku skana ikiandika mafuta kidogo. Dawa yake ni plagi za moto au koili.

Gaskete ya manifoldi ya ekzosi, pale moshi unapotokea kwenye silinda, ikivuja kabla ya sensa, mapigo ya moshi yanavuta hewa ya nje ndani. Msikilize fundi akikuambia injini inatoa tik-tik asubuhi ikiwa baridi na kunyamaza ikipata moto. Huo ni mpasuko mdogo unaojiziba chuma kikitanuka. Paipu ya vakyumu iliyopasuka nayo huingiza hewa isiyohesabiwa, na P0171 huja. P0171 maana yake kompyuta imeongeza petroli mpaka imefika kikomo chake. Tafuta hewa inayoingia, mita ya hewa yenye uchafu, kichungi cha petroli kilichoziba au pampu dhaifu, kabla ya kumgusa mjumbe aliyekuletea habari.

Waya huharibika wapi hasa, huku kwetu?

Kuna sehemu ninazozitazama kabla ya kutoa multimita.

Kwanza joto. Waya wa sensa ya mbele unapita karibu na manifoldi, na gari la miaka ishirini limeshafunguliwa na mikono mingi. Vibanio vimevunjika, kava ya joto imetupwa. Vuta waya taratibu kila sentimita chache. Uliokauka utasikika ukikatika chini ya ganda, au utanyooka kama mpira kwa sababu shaba ya ndani imeshakatika.

Pili maji. Magari yanayopita Ahero na bonde la Nyando msimu wa mafuriko huja na kesi moja inayojirudia: P0141, na mwenye gari anaapa hajagusa chochote. Kwenye Toyota nyingi plagi ya sensa ya pili haiko chini ya gari, imefichwa ndani, chini ya zulia. Maji yakiingia mlangoni, zulia hukauka juu lakini sponji ya chini inabaki mbichi kwa wiki. Ukiinua zulia na kufungua plagi unakuta pini zimefunikwa unga wa kijani, na mara nyingine pini moja imeliwa ikabaki nusu. Kuisugua kunasaidia kwa muda. Pini iliyoliwa ibadilishwe, na sponji itolewe juani mpaka ikauke kabisa.

Kuosha injini kwa mashine ya presha ni mafuriko madogo ya kujitakia. Kama lazima injini ioshwe, funika plagi, na usielekeze maji ya baridi kwenye sensa yenye moto. Kichwa chake ni cha kauri, kinapasuka.

Tatu panya, hasa gari likilala karibu na ghala la mahindi au likikaa muda mrefu bila kuwashwa. Tazama juu ya injini, nyuma ya betri, mahali popote penye majani makavu na maganda.

Nne, na hii inaniuma kuliko zote, ni waya zilizokatwa na watu. Alamu, kifaa cha kufuatilia gari, katauti ya kuzuia wizi, redio kubwa. Aliyefunga alitafuta umeme wa swichi, akachuna waya wa kwanza aliouona, akazungushia wake na tepu nyeusi. Tepu ikipata joto gundi inayeyuka, inateleza, kiungo kinabaki wazi. Kama shida ilianza baada ya kufungiwa kitu chochote cha umeme, mwambie fundi hivyo mapema. Utamwokolea siku nzima.

Athi ina uhusiano gani na sensa?

Mkubwa. Sensa inatoa chini ya volti 1. Athi ikipoteza volti 0.2 tu, taarifa yote imepinda, na kompyuta inarekebisha mafuta kwa kufuata uongo. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, injini ikiunguruma na taa kubwa zimewashwa. Usome chini ya 0.1. Ikizidi, fungua waya wa athi unaotoka injini kwenda bodi, sugua mpaka chuma king'ae, funga tena, na ukiwa umelika uubadilishe. Ni kazi ya spana moja, na imetibu magari yaliyokuwa na namba za sensa tatu tofauti kwa pamoja.

Kwa nini mnakataza kulehemu waya za sensa kwa risasi?

Kwa sababu sensa inapumua. Ili ilinganishe moshi na hewa ya nje, lazima hewa ya nje iifikie kwa ndani, na kwenye sensa nyingi hewa hiyo inapita katikati ya nyuzi nyembamba za waya wenyewe, kutoka kwenye plagi mpaka kichwani. Risasi iliyoyeyuka inaziba nyuzi hizo. Grisi kwenye plagi inaziba. Dawa ya kupuliza ya kusafishia plagi inaweza kuingia na mvuke wake ukaidanganya sensa.

Kwa hiyo waya wa upande wa sensa ubanwe kwa koleo na vibanio vya shaba, uvikwe mpira wa kusinyaa kwa joto. Upande wa gari unaweza kulehemu kama kawaida. Kusokota kwa mkono na kuzungusha tepu hakufai upande wowote.

Nakuru iko juu sana. Je, mwinuko unaichanganya sensa?

Hapana. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, Kisumu 1,130, Eldoret 2,100, na Timboroa inapita 2,700. Hewa inapungua kadiri unavyopanda, injini inapoteza nguvu, lakini kompyuta inapima hewa iliyopo na sensa inaisaidia kufika palepale. Gari zima halihitaji kurekebishwa likitoka ziwani kwenda mlimani.

Mwinuko unakupa kipimo cha bure. Kama gari lako lina sensa ya presha ya manifoldi ya kuingizia hewa, washa swichi bila kuwasha injini na usome presha kwenye skana. Nakuru itakuwa karibu kilopaskali 81, Kisumu karibu 88. Ukisoma 101 ukiwa Nakuru, kompyuta inaamini iko Mombasa na inamwaga petroli ya Mombasa. Sensa ya oksijeni italia mafuta mengi, na itakuwa inasema kweli.

Baridi ya Molo na Timboroa ni suala lingine. Hita ikiwa imekufa, sensa inachelewa kuamka na hata kupoa tena gari likiunguruma bila kwenda. Hapo ndipo mwenye gari anaona petroli inaisha haraka asubuhi.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaiua?

Inaichafua. Mafuta ya taa hayaungui vizuri kwenye injini ya petroli, yanaacha masizi kwenye plagi za moto na kwenye kichwa cha sensa. Tangu serikali ilipoyawekea mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, faida ya kuyachanganya ilipungua sana, lakini bado jaza mahali unapopaamini na uombe risiti. Masizi ya kawaida huungua yenyewe chanzo kikiondolewa na gari likiendeshwa mwendo mrefu.

Kilichokuwa kinaua kabisa ni petroli yenye risasi. Kenya iliachana nayo mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo ukiambiwa leo sensa yako imekufa kwa risasi, uliza tena.

Sensa iliyotolewa ina rangi. Inasema nini?

Nyeusi kavu ni mafuta mengi. Kahawia yenye mafuta ni injini inayokula oili. Nyeupe ya unga laini ni silikoni, mara nyingi ile ya kufungia gaskete isiyofaa kwa injini zenye sensa. Nyeupe yenye chembechembe au ukijani inanifanya nitazame maji ya rejeta na gaskete ya kichwa cha injini. Kufunga sensa mpya bila kutibu chanzo ni kuinunulia kifo hichohicho. Kusafisha kwa brashi au petroli hakurudishi sensa iliyopata sumu ya silikoni.

P0420 ni sensa ya pili?

Kwa kawaida ni katalisti. Sensa ya pili inapaswa kutulia karibu volti 0.6 au 0.7 wakati ya kwanza inacheza. Zote mbili zikicheza pamoja, katalisti haifanyi kazi, au haimo. Siku hizi nyingi hazimo: zinaibwa au kuuzwa kwa ajili ya platinamu, paladiamu na rodiamu iliyo ndani, na bomba tupu linachomelewa mahali pake. Tazama chini ya gari kabla ya kununua chochote. Kama gari limetoka gereji likiwa na sauti mpya na P0420, una haki ya kuuliza kilichotolewa kiko wapi.

Skana inaonyesha sensa ya kwanza volti 3.3 na haichezi. Imekufa?

Hiyo ni aina nyingine, ya kupima uwiano wa hewa na mafuta, iliyowekwa kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000. Volti 3.3 kwake ni sawasawa. Juu ya hapo ni mafuta kidogo, chini ni mafuta mengi, kinyume cha ile ya kawaida. Skana za bei nafuu hugawanya namba hiyo kwa tano na kuonyesha 0.66. Ipime kwa skana tu. Na usifunge aina moja mahali pa nyingine hata kama plagi inaingia.

Ninunue mpya au ya mtumba kutoka Japani?

Mpya ya Denso, NTK au Bosch, kwa namba ya gari lako. Sensa ya hita huishi kilomita 100,000 mpaka 160,000, isiyo na hita 50,000 mpaka 80,000. Ya mtumba imekula sehemu ya maisha hayo na hujui ngapi. Pesa zikibana, pima omu za hita palepale dukani kabla ya kulipa, na tikisa: ikilia ndani, kauri imepasuka, irudishe.

Imeshika kutu, haifunguki.

Injini iwe vuguvugu, spana namba 22 yenye upenyo wa kupitisha waya, mafuta ya kulainisha kwenye nyuzi usiku uliotangulia. Ukirudisha mpya, paka grisi ya kuzuia kushika kwenye nyuzi tu kama haijapakwa kiwandani. Kichwani isifike hata kidogo.

Naweza kuendesha nikiwa nimeichomoa?

Kufika nyumbani, ndiyo. Kompyuta itatumia makadirio yake na petroli itaongezeka. Kwa kupima ni njia nzuri: gari likitulia baada ya kuchomoa sensa, basi taarifa iliyokuwa ikifika kompyuta ilikuwa ya uongo. Kukaa nayo hivyo kwa miezi kunaijaza katalisti petroli isiyoungua mpaka iyeyuke na kuziba.

Nimerekebisha. Nitajuaje kwamba imepona?

Kuzimika kwa taa peke yake hakutoshi, kwa sababu kuchomoa betri kunaizima pia. Futa namba kwa skana, kisha tazama marekebisho ya mafuta yanayoandikwa STFT (ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu). Endesha siku mbili tatu kazi zako za kawaida, mjini na barabara kuu, injini ianze ikiwa baridi kabisa angalau mara moja kwa siku. LTFT ikibaki ndani ya asilimia 10 juu au chini, na sensa ya kwanza ikiendelea kucheza, kazi imeisha. Ikianza kupanda kuelekea 20, rudi kwenye hewa inayovuja na presha ya petroli, uiache sensa mahali pake.